Maziwa ya Ng'ambo

Mtemi wetu alipokufa, mwaka 1955, tulikuwa bado tunalia watu wengine wawili. Vijana hao walifuata ng'ombe walioibwa, wakavuka kijito mpaka upande wa Kenya, wakarudishwa wamebebwa kwenye ngozi. Mmoja wao alikuwa shemeji yangu, mdogo wa Simioni mume wangu.

Na mimi nilizaliwa ng'ambo hiyo hiyo. Ukisimama mlangoni kwetu Susuni ukaangalia chini, unaona kijito. Baada ya kijito kuna nguzo ya saruji ya mpaka, ambayo sisi tuliita biconi, na baada ya biconi unaona moshi wa nyumba ya mama yangu. Nilipoolewa hakuna aliyesema nimeolewa nchi nyingine. Nilishuka, nikavuka, nikapanda, nikawa mke wa Simioni. Baada ya msiba ule ndipo nilipoanza kuitwa mtu wa ng'ambo, hata kisimani, hata na wanawake niliopalilia nao wimbi.

Nilikuwa na mtoto mmoja, Verdiana, wa miezi minane.

Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikuja na turubai lake akasema safari hii mtemi hatachaguliwa na wazee waliojifungia ndani. Wanaume wote wanaolipa kodi watasimama mstari nyuma ya mtu wanayemtaka, mchana kweupe, na karani atahesabu vichwa. Waliojitokeza wakawa wawili. Wa kwanza ni mzee Machage, aliyekuwa na duka la chumvi na magadi Nyamisangura na ambaye punda wake walikuwa wakivuka kwenda ng'ambo kila wiki. Wa pili ni Wangwe, kijana aliyerudi kutoka vita vya Wazungu na koti refu la jeshi. Wangwe alitahiriwa siku moja pamoja na mume wangu. Walisimama wamefuatana, Wangwe mbele, Simioni nyuma yake, na damu yao ikaanguka pamoja. Kwetu watu wa namna hiyo hawapingani hadharani. Anayempinga mwenzake wa tohara, inaaminika watoto wake hawatakua.

Ungedhani watu wangewauliza wale wawili habari za shule au josho la ng'ombe. Hawakuuliza. Swali lilikuwa moja tu, tuishi vipi na watu wa ng'ambo.

Machage alisema njia ibaki wazi, wazee wakae, waliouawa walipiwe, watu waendelee kuoana na kuuziana. Wangwe alisema njia ifungwe. Alisema kule Kenya kuna hali ya hatari, serikali yenyewe haitaki watu wavuke ovyo, sasa sisi tunaogopa nini. Halafu akaongeza neno lililonifikia nikiwa natwanga.

"Adui hakai ng'ambo peke yake," alisema. "Wengine wanatupikia ugali. Wake wote waliotoka kule warudi kwao, na ng'ombe wetu wa mahari warudi huku. Watoto wabaki. Watoto ni wa mji wa baba yao."

Tulikuwa wake wanne wa namna hiyo pale kijijini. Nilimtazama Verdiana aliyelala kwenye ngozi, ngumi zake zimefungwa, nikaacha kutwanga.

Mama mkwe wangu, Mokami, alikuwa anachambua mboga. "Huyo Wangwe nilimpangusa kamasi mimi," akasema. "Leo anataka kunichagulia mkwe. Twanga, mwanangu, unga hautajisaga."

Siku tatu kabla ya kura, Machage akaja nyumbani akiwa na wazee wawili. Alikuwa anatoka jasho. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akaanza kumweleza Simioni shida yake.

Zamani, wazee walipotaka kumaliza vita na jirani, walikutana mpakani. Mikuki na pinde vililazwa chini kwa mstari, kama ua. Upande huu mama mwenye mtoto mchanga, upande ule mama mwenye mtoto mchanga. Wakapokezana watoto juu ya silaha, kila mmoja akamnyonyesha mtoto wa mwenzake. Baada ya hapo hakuna aliyerusha mshale, maana ungemrushia ndugu wa mwanao. Machage alitaka lifanyike hilo kabla ya kura, ili watu wasimame kwenye mistari amani ikiwa tayari imefungwa.

"Ng'ambo wamekubali," alisema. "Mama wao wamempata. Huku kwetu nimekwenda kwa kina mama saba. Wote wamekataa kumtoa mtoto kwa adui."

"Ndiyo ukaja kwa nani?" Simioni akauliza.

"Kwa mkeo. Yeye hawaogopi."

Simioni aliangalia chini, kijitoni. Ndugu yake hakuwa na miezi miwili kaburini. Mwisho akasema, "Muulize mwenyewe."

Nilikubali kabla hajaniuliza. Nilijua Machage akishinda nitabaki na mwanangu, akishindwa nitavuka kijito peke yangu. Mokami alinivuta mkono kidogo kama mtu anayetaka kusema neno, halafu akaacha. Baadaye nilijua alitaka kusema nini. Labda nilijua siku ile ile, nikanyamaza.

Tulikwenda kijitoni asubuhi. Silaha zilikuwa zimelazwa ukingoni, na mama wa ng'ambo alikuwa anasubiri. Aliitwa Mogesi. Sikuwahi kumwona, maana aliolewa pale baada ya mimi kuondoka, lakini kwa nywele zilizonyolewa nikajua na yeye ana msiba wake. Nikamnyoosha Verdiana juu ya mikuki, naye akaninyooshea wake, mtoto wa kiume mzito anayenuka moshi na siagi. Mtoto wake alinishika mara moja akavuta kwa nguvu. Verdiana alikataa, akageuza uso, akalia. Mogesi akamtikisa taratibu, akampangusa mdomo kwa kidole, hatimaye mtoto akanyonya.

"Wako ana njaa kama wangu," Mogesi akaniambia.

"Usiku hulala?"

"Halali huyu. Wako?"

"Wangu hulala."

"Basi uniachie."

Tukacheka kidogo, wazee wakatutazama vibaya. Tukarudishiana watoto, kila mtu akaenda kwake. Njia nzima Machage alikuwa mwepesi kama kijana.

Siku ya kura wanawake tulikaa mbali, mlimani, kwenye mawe, lakini kulikuwa na upepo na maneno yalitufikia. Machage alieleza habari ya kijitoni, watu wakaguna kwa kukubali. Wengi walikuwa wamechoka kuzika. Halafu Wangwe akasimama na koti lake, jua kali namna ile.

"Mzee Machage, shikamoo."

"Marahaba, mura, kijana wangu."

"Nina swali moja, sina mengi. Yule mama aliyemnyonyesha mtoto wa ng'ambo, alizaliwa wapi?"

Machage akawageukia wazee wake.

"Usione haya, mzee. Alizaliwa ng'ambo. Kwa hiyo maziwa ya ng'ambo yameingia kwenye mtoto wa ng'ambo. Shangazi amemnyonyesha mtoto wa kaka yake. Hapo sisi tumefunga amani na nani? Au ulikuwa unawafungia amani punda wako?"

Watu walicheka mpaka Bwana DC akauliza wanacheka nini, na mkalimani akashindwa kumweleza. Mlimani hakuna aliyecheka. Wanawake walinitazama mimi. Kosa lilikuwa la Machage na haraka yake, lakini nililisikia limekaa kwenye kifua changu.

"Na mjukuu wangu aliyenyonya kwao?" Mokami alisema kwa sauti ya chini. "Huyo ni wa huku, na maziwa ni ya kule. Hilo hakuuliza." Lakini aliwaambia wanawake, na wanawake hatukuwa na mstari.

Wanaume wakaanza kujipanga. Nilimtafuta Simioni kwa macho. Alisimama katikati ya mistari miwili, kofia mkononi, watu wakimpita huku na huku. Wangwe hakumwita. Alimtazama tu, jinsi mtu anavyomtazama mwenzake aliyesimama nyuma yake siku ya kisu. Simioni akavaa kofia, akaenda akasimama kwenye mstari wa Wangwe.

Alikuwa mtu mmoja tu. Wangwe alimzidi Machage kwa watu sitini na kitu, kwa hiyo mume wangu hakubadili lolote. Lakini nilimwona.

Jioni nilimwekea ugali, akaosha mikono, hakula.

"Ungetaka nisimame wapi?" akaniuliza.

"Pale nilipo mimi."

"Ningempinga Wangwe, mtoto angekufa."

"Na sasa?"

Nilichukua sahani nikampelekea Mokami.

Barua ilikuja baada ya mavuno. Ililetwa na Nikolaus, tarishi wa baraza, mtu mwembamba mwenye kofia nyekundu, aliyependa kukaa na kusubiri kupewa kitu. Wenzangu watatu walipata za kwao siku hiyo hiyo. Efrazia alikuwa na kijana wa miaka sita. Alimfunga ng'ombe wake kamba uani, akamwambia mwanawe anakwenda kuchota maji, akavuka. Yule kijana alikaa njiani na kibuyu mpaka giza.

Mimi nilikuwa nimesoma madarasa matatu misheni, kwa hiyo barua yangu niliisoma mwenyewe. Lakini kabla haijaletwa, Mokami alikuwa amekwisha kwenda kwa Wangwe. Alikwenda kwa miguu, akaingia barazani, akasimama mbele ya mtemi mpya, akamwambia, "Mama yako alipougua, mimi ndiye niliyekupikia uji. Huyu mtoto ananyonya. Ukimtoa mama yake leo, atakufa mikononi mwangu, na kifo chake kitakuwa juu yako." Wangwe hakutaka jambo kama hilo katika mwezi wake wa kwanza. Akamwambia karani aongeze maneno. Kwa hiyo barua yangu ilisema nirudi kwetu mara mtoto atakapoachishwa ziwa.

Niliisoma mara mbili. Haikutaja mwezi wala mwaka.

Nikaikunja nikaiweka kwenye kopo la chumvi, nikamwambia Mokami, "Mama, sitamwachisha."

Watoto wa kwetu huachishwa wakitimiza miaka miwili, wengine mmoja na nusu. Kila baada ya mavuno Nikolaus alikuja, akaketi kwenye kigoda, akauliza, "Bado?" Nami nikasema, "Bado," nikamwita Verdiana, akanyonya mbele yake. Nikolaus akaandika kwenye daftari lake, akala ugali, akaondoka. Mwaka wa tatu akaanza maneno.

"Huyu atanyonya mpaka aolewe."

"Mumewe atatukuta," Mokami akamjibu.

Lakini mwaka huo maziwa yalikatika. Nilikunywa uji wa wimbi, nikala mboga chungu, nikajaribu kila dawa niliyoambiwa. Yalikatika. Siku moja Verdiana alinyonya, akaniachia, akaniangalia usoni. "Hakuna," akasema.

Nilimweka mapajani nikamweleza. Sikujua namna ya kumweleza mtoto wa miaka mitatu habari ya mtemi na biconi na kura. Nilimwambia hivi, "Ukimwona mtu wa kofia nyekundu, njoo uweke mdomo hapa, uvute, hata kama hakuna. Usipofanya hivyo nitakwenda kule kwenye moshi na sitarudi." Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Tangu siku hiyo Mokami akiona kofia inapanda njia alisema tu, "Verdi," na mtoto aliacha alichokuwa anafanya, akakimbia, akanipandia mapajani, akavuta. Alijifunza hata kumeza mate ili koo lionekane linacheza. Hilo sikumfundisha mimi.

Watoto wenzake walimwita Ndama. Walimpigia kelele ya ndama akienda kuchota maji. Alirudi amekwaruzwa, hakusema kitu, maana siri ilikuwa yake pia. Na mimi nililipa kwa namna yangu. Mwanamke anayenyonyesha halali na mumewe, basi Simioni alilala nyumba nyingine mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mwaka wa nne akaoa mke mwingine. Alikuja kunieleza akiwa ameshika kofia, kama siku ile ya mistari. Nilimwambia mke huyo alete mbegu zake mwenyewe za wimbi. Sikuwa na mtoto mwingine tena.

Mwaka wa nne huo huo Nikolaus alikuja, akakaa, akamwangalia Verdiana akivuta.

"Mama Verdiana," akasema, "kamua nione."

Verdiana alikuwa bado amening'ang'ania kwa meno.

Mokami aliinuka polepole, akaja akasimama mbele ya kigoda. "Mura," akasema, "mama yako yupo hai?"

"Yupo, mama."

"Anajua unazunguka kwenye nyumba za watu kuomba kuonyeshwa matiti? Au nimtumie neno Jumapili, kanisani?"

Nikolaus akainuka akatafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani. Aliandika "bado" akiwa amesimama. Nadhani alijua tangu hapo, au hata kabla. Hakuuliza tena.

Halafu mwaka 1959 mvua za vuli zikatupita. Kijito kikawa matope, matope yakawa vumbi. Ng'ombe wa kijiji chote walisimama mchana kutwa wakitazama ng'ambo, kwa sababu kule, nyuma ya nyumba ya mama yangu, kuna bonde lenye chemchemi isiyokauka. Njia ilikuwa imefungwa, na aliyeifunga alikuwa mtemi wetu. Ng'ombe wake mwenyewe walianza kuanguka. Tukasikia amepeleka barua ng'ambo, haikujibiwa. Akapeleka wazee, wakarudi na neno.

Siku hiyo Wangwe alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, Nikolaus nyuma yake. Koti la jeshi halikuwepo. Verdiana aliiona kofia nyekundu, akakimbia akanipandia. Alikuwa na miaka minne na zaidi, miguu yake ilining'inia mpaka chini. Alivuta. Mtemi alitazama, akageukia ukuta.

"Shikamoo, mama," akamwambia Mokami.

"Marahaba. Umekonda, mwanangu."

"Ng'ombe wanakufa."

"Tunawaona. Na wetu wanakufa."

Akaketi. Alieleza akiangalia mikono yake. Watu wa ng'ambo walikuwa wamesema hawana la kuzungumza na mtemi aliyewarudishia binti zao kama vibuyu vilivyotoboka. Kwetu wanamjua mtu mmoja tu, mtoto aliyenyonya kwao, kwa Mogesi. Huyo ni wao. Huyo akitangulia mbele ya ng'ombe, hawatawazuia.

"Basi ile kazi ya Machage haikuwa bure," Mokami akasema.

"Nusu yake," Wangwe akasema.

"Nusu ambayo hukuiuliza."

Wangwe akanigeukia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha. "Ghati, wanamtaka mtoto kesho asubuhi."

"Mtoto ananyonya, mtemi," nikasema. "Haendi bila mama yake. Na mama yake akivuka, barua yako inasema asirudi."

"Barua ni maneno tu. Nimekwisha sema uvuke."

"Haya pia ni maneno."

Nililitoa kopo la chumvi, nikatoa ile barua. Ilikuwa imelowa na kukauka mara nyingi, lakini inasomeka. Nikampa Nikolaus, si mtemi. "Andika nyingine," nikamwambia. Nikolaus akamtazama bwana wake, bwana wake akaitikia kwa kichwa. Akaandika gotini, taratibu, nami nimesimama nyuma ya bega lake nikisoma. Aliandika kwamba Ghati, mke wa Simioni, anaruhusiwa kuvuka na kurudi. Akaweka kalamu chini.

"Ongeza kwamba nitakaa hapa na mwanangu, akinyonya au asinyonye."

"Hilo linaeleweka," Wangwe akasema.

"Liandikwe lieleweke."

Likaandikwa. Mtemi akaweka jina lake. Sikumshukuru. Walipoondoka nilimwambia Verdiana, "Sasa basi. Huna haja tena." Aliniuliza, "Na yule wa kofia akija?" Nikamwambia hata akija. Aliitikia ndiyo, lakini jinsi mtoto anavyoitikia ili uache kumsumbua.

Asubuhi ng'ombe walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja, na hakuna aliyelia, hawakuwa na nguvu. Simioni alikuwa miongoni mwa wachungaji, na Wangwe miongoni mwao, fimbo mkononi kama mtu yeyote. Verdiana alitangulia na gauni lake la kanisani. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma. Aliteremka vizuri, akapita palipokuwa na maji, akafika kwenye biconi.

Upande wa pili walikuwa wamesimama. Nilimwona Mogesi, amenenepa, amemshika mkono kijana wake. Nilimwona mama yangu ameketi juu ya jiwe, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mogesi alifungua mikono akamwita mtoto kwa jina. Nyuma yake walikuwa wazee wao, na pembeni ya wazee tarishi wao, amesimama wima, na kichwani ana kofia nyekundu. Serikali ya Kenya nayo iliwavika matarishi wake hivyo hivyo. Hilo hakuna kati yetu aliyelifikiria.

Verdiana akasimama. Akageuka, akanikimbilia, akanirukia katikati ya njia, akavuta kitambaa cha gauni langu kwa mikono yote miwili, akaweka mdomo. Mbele ya watu wa huku na watu wa huko, mbele ya ng'ombe wote wale, alivuta, na koo lake likawa linacheza. Nilipiga magoti pale mavumbini ili nisimwangushe.

Hakuna aliyecheka. Nilisikia fimbo ya mtu ikianguka nyuma yangu. Ng'ombe walikuwa wamesikia harufu ya maji, wakaanza kutupita pande zote mbili, wakigusa mabega yangu kwa mbavu zao, na vumbi likatufunika.

"Basi, Verdi," nikamwambia sikioni. "Barua tunayo. Ninayo hapa. Basi, mama."

Hakuachia.